Dawa ya Mtaroni

Siku hizi habari hupita kwenye simu. Kila mtu huisoma peke yake, amekunja shingo kama kuku mgonjwa, wala hamtazami jirani kuona kama kaelewa. Ujiji ya zamani ilikuwa na Hamdani.

Hamdani alikuwa mpiga mbiu. Alipuliza pembe, akataja jambo, kisha akatoa maagizo: "Mbuzi kapotea! Atakayemwona ampeleke kwa Selina!" Na watu wazima waliacha ugali mezani wakamtafute mbuzi. Nani atamtafuta leo?

Mwaka ule Warundi walikuwa wakivuka kwa wingi kukimbia vita, na kipindupindu kilikuwa kimeingia. Asubuhi moja ya mvua lori lilipinduka kwenye mwinuko juu ya mji. Mapipa yakapasuka, na maji meupe kama maziwa yakaanza kushuka mtaroni kuelekea mwaloni, ufukweni mwa ziwa, tulikokuwa tukichota maji ya kunywa. Bwana Oswald, afisa afya aliyeletwa kwetu kutoka Moshi, alifika kwa Hamdani akihema.

"Shikamoo mzee, watu watakufa!"

"Marahaba. Watakufa na nini?"

"Tangaza kuna kemikali hatarishi mtaroni."

"Kemikali ndiyo nani, mwanangu?"

"Si mtu! Ni dawa. Dawa ya wadudu wa pamba. Watu wasiiguse, wasiinywe!"

Hamdani akatoka mbio na pembe yake hadi sokoni. Kama kawaida, akataja jambo kwanza: "Dawa imemwagika mtaroni!" Maagizo ya kutoigusa aliyatoa, lakini aliyatoa kwa migongo ya watu waliokwisha kugeuka. Hospitali ilikuwa haina dawa, na kila nyumba ilikuwa na mtu anayeharisha. Waliposikia dawa imemwagika, walitoka na madumu, sufuria na birika. Dismasi, fundi cherehani, alikuja na karai la kufulia.

Hamdani aliwakuta mtaroni wameshajipanga. Akatanua mikono mbele yao.

"Jamani, hii ni sumu!"

"Sumu?" Dismasi akacheka. "Sokoni ilikuwa dawa, hapa imekuwa sumu? Sema unataka kuinywa peke yako!"

"Mchoyo huyo!" Selina akadakia. "Hata harusini hula pembeni peke yake!"

"Ndugu wananchi," akasema Bwana Oswald, tai imemgeukia mgongoni, "kitu hiki kina madhara!"

"Ndivyo mnavyosema, kisha tunakikuta dukani," akajibu mtu kwenye foleni.

Dismasi alikuwa ameshainama na karai. Hamdani akapuliza pembe mpaka macho yakamtoka.

"Ni dawa ya kunguni! Mwenye kunguni kitandani kwake achote, tumjue!"

Karai la Dismasi likapanda kichwani, likawa kofia.

"Mimi nilikuja kuangalia lori," akasema.

"Na mimi namtafuta mbuzi," akasema Selina, birika kaificha ndani ya khanga.

Wakati ule watu walikuwa na haya. Mtaro ukabaki mtupu, isipokuwa mwanamke mmoja, Eufrasia, mkimbizi wa kwenye mahema ya mwaloni, mtoto mgongoni na kikombe mkononi.

"Sisi kunguni tunao, mzee," akasema kwa upole. "Wengi sana." Akachota. Kisha akamgeuza mtoto kifuani, akamsogezea kikombe. "Na huyu anaharisha."

Mama yake Hamdani alikuwa Muha. Neno la nyumbani likamtoka: "Uburozi, mama! Uburozi!"

Hilo Eufrasia alilielewa, maana Kiha na Kirundi ni ndugu, na uburozi ni sumu. Alikitupa kikombe bila kutazama, na sumu yote ikamwagikia Hamdani kiunoni.

"Vua, mzee, vua!" akapiga kelele Bwana Oswald.

Mzee mzima akavua kanzu na suruali mbele ya mji. Eufrasia akageuza uso, akamrushia kitenge chake cha juu. Watu wakammwagia madumu ya maji ya kisima, kisha Hamdani akaenda nyumbani akiwa amejifunga kitenge chenye maua mekundu. Ziada, mkewe, alikuwa mlangoni.

"Hicho kitenge cha nani?"

"Kwanza niulize kama kuna aliyekufa."

"Kuna aliyekufa?"

"Hakuna hata mmoja."

"Alhamdulillahi. Haya, kitenge cha nani?"