Bolti Hushikwa na Mwenyewe

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, msianze kucheka kwamba bibi yenu alikuwa anashika bunduki. Kazi yangu ilikuwa kufunga darubini kwenye bunduki za kuwindia, hapa hapa Kampala, na kazi hiyo ndiyo iliyowasomesha wazazi wenu. Mimi mwenyewe shule niliiacha darasa la tatu. Kiswahili changu ni cha kambi ya polisi, alikokuwa baba yangu. Kikipinda mahali, nivumilieni.

Siku ya kwanza niliajiriwa kufagia. Duka lilikuwa Wandegeya, la Mhindi mmoja tuliyemwita Bwana Mkubwa. Alinipa sumaku iliyofungwa kamba, niipitishe sakafuni kabla ya ufagio, maana skrubu za darubini ni ndogo kama mtama, na ikipotea moja kazi inalala. Kisha akanionyesha bolti, kile chuma chenye mkono kinachosukuma risasi ndani na kuifyatua. Bila bolti, bunduki ni bomba tu.

"Sikiliza, mama," akasema. "Bunduki ikiingia hapa, bolti inatoka, na mwenyewe anaishika mpaka kazi iishe. Haikai mezani, haikai kabatini. Asiyetaka, aondoke na bunduki yake."

Nilidhani ni ukali tu wa wenye maduka.

Wahindi walipofukuzwa, duka alipewa meja mmoja ambaye hata bisibisi hakuijua. Kazi yote ikabaki kwa Mzee Fundi, Mwislamu wa ukoo wa wafanyabiashara wa pwani waliohamia Kampala tangu enzi za babu zao. Yeye ndiye aliyenitoa kwenye ufagio. "Una mkono mtulivu," alisema, "na huna maneno mengi. Njoo mezani."

Dirisha la chumba cha nyuma lilitazama bonde, na ng'ambo palikuwa na nyumba yenye tangi jeupe la maji juu ya paa. Tangi hilo lilikuwa alama yetu. Ukishafunga darubini, unaibana bunduki kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani, lenye ngozi, unachungulia kutoka nyuma, ndani ya mtutu mtupu, mpaka uone tangi katikati. Halafu, bila kuitikisa, unazungusha skrubu za darubini mpaka ule msalaba mwembamba wa ndani ya kioo nao ukae juu ya tangi.

Kisha ile nyumba ikapata wapangaji: makachero wa serikali, wanaume wa mashati ya maua na miwani myeusi. Magari yaliingia na watu, yakatoka matupu. Mzee Fundi akalipigilia dirisha misumari, na tangu hapo bunduki tulizipeleka kulengwa nje ya mji.

Asubuhi moja akaja Kapteni, mtu mnene, amevaa kiraia, ana bunduki nzito begani. Akachagua darubini kubwa kuliko zote, ile yenye mdomo kama tarumbeta.

"Afande unawinda nini, na wapi?" Mzee Fundi akamwuliza.

"Mbogo. Kwenye nyasi ndefu."

"Basi hiyo itakuonyesha nywele za sikio lake, na yeye mwenyewe ameshakufikia."

Kapteni akacheka mpaka tumbo likatikisika. Tukampa ndogo, ambayo ukizungusha pete yake inavuta kitu karibu, kutoka mara moja na nusu mpaka mara nne. Kwa mbogo wa karibu unaiacha chini kabisa, macho yote mawili wazi, uone na kichaka kinachotikisika pembeni. Mbele haina mdomo mpana, kwa hiyo inalala chini karibu na mtutu, na shavu halinyanyuki kwenye kitako cha bunduki.

Nilitoa bolti nikampa Kapteni, akaitia mfukoni. Nikafuta mafuta kwenye matundu ya skrubu, nikakaza vibao vya chini, nikaweka pete za kuishikia darubini. Nikamwambia Kapteni afumbe macho, aiweke bunduki begani, kisha afumbue.

"Unaona duara nzima?"

"Naona kama mwezi umeliwa."

Nikaisogeza darubini mbele kidogo. "Na sasa?"

"Nzima."

Ndipo nikakaza skrubu, moja huku, moja kule, kwa kupokezana. Bunduki ya mbogo hupiga teke kali, na darubini ikikaa karibu mno na jicho inapasua nyusi.

"Sasa tutaipeleka nje ya mji kulenga," Mzee Fundi akasema.

"Naondoka leo. Dirisha si hilo?"

"Dirisha hilo halifunguliwi, afande."

"Unawaogopa wale? Mimi ni kapteni. Fungua!"

Mzee Fundi aling'oa misumari. Nilitoa bolti nikampa Kapteni, akaitia mfukoni. Nikachungulia mtutu. Tangi lilikuwa pale pale, lakini chini yake, uani, mtu mmoja alisimama akatazama upande wetu. Kisha akakimbia.

"Wametuona," nikasema.

Hatukupata hata nafasi ya kurudisha misumari dirishani. Waliingia wawili wa ile nyumba, na mmoja wao alikuwa mkubwa wao. "Nani anatulenga?"

Akaushika mtutu. "Hii bunduki ya nani?"

Kapteni akasema, "Mimi nimepita tu kusalimia."

Mkubwa akamshika Mzee Fundi kanzu shingoni. "Twende kwenye gari, mzee."

Watu walioingia kwenye yale magari hatukuwaona tena. Nikasema, "Baba, kabla hujamchukua, chungulia mtutu kutoka nyuma. Unaona mwanga. Haiwezi kupiga."

Akachungulia. "Bolti mmeficha wapi?"

"Dukani haikai. Anaishika mwenye bunduki."

"Mwenye bunduki nani? Wewe mama, wewe nyabo, onyesha!"

Tulikuwa watatu tu mle ndani. Kidole kimoja kingetosha. Nilitazama mikono yangu, nyeusi kwa mafuta, nikaiacha mezani. "Mimi najua skrubu tu, baba."

"Nitahesabu, halafu nawachukua wote."

Hakuhesabu. Kapteni alitia mkono mfukoni, akaweka bolti mezani. "Ni yangu. Naenda kuwinda."

Yule mtu akalinganisha namba ya bolti na namba ya bunduki. Akamwachia Mzee Fundi. "Kapteni wa kusalimia," akasema. "Twende ukatueleze mbogo wako anakaa nyumba gani."

Walimchukua yeye na bunduki.

Nyasi zilikuwa zimeota tena bondeni siku aliporudi Kapteni, amekonda, suruali imefungwa kamba. Nilijua amekuja kunimaliza. Alisimama mlangoni.

"Mama, kwa nini hukuninyooshea kidole?"

"Bolti ilikuwa kwako. Ni wewe wa kusema."

Akakaza kamba ya suruali. "Mle ndani, aliyenyooshewa kidole na mtu hawamwulizi kitu, wanamwua tu. Mimi kwa sababu niliitoa mwenyewe, waliniuliza, nikajieleza, wakaniachia." Akaondoka. Bunduki hakuitaja.

Nilifanya kazi ile mpaka uwindaji ulipopigwa marufuku, kisha nikafunga miwani ya watu kwa skrubu zile zile ndogo mpaka macho yangu yenyewe yakachoka. Nimestaafu, na bisibisi nimempa mwingine. Lakini neno nililosema nyumbani Kyebando jioni ile aliyorudi Kapteni halijastaafu. Niliwasimamisha wote mbele ya chakula, mume wangu naye akiwemo, nikasema: "Katika nyumba hii hakuna kumnyooshea mtu kidole. Ukiulizwa ni nani, tazama mikono yako, na mwenye jambo aliseme mwenyewe. Haya, nawaeni, tule."