Mahali Ambapo Reli Haifiki

Zamani safari ilianza kwa kengele ya stesheni na mtaa mzima ulijua nani anakwenda kwa nani; siku hizi mtu anatoweka asubuhi, na jioni unaona picha yake kwenye simu, amesimama mbele ya jengo ambalo ndani yake hana hata ndugu mmoja.

Nasema haya kwa sababu ya rafiki yangu Dakika na mkewe. Dakika alikuwa karani wa ratiba kwenye reli kwa miaka thelathini na mitatu. Kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya karatasi pana yenye mistari na, kwa penseli iliyochongwa kama sindano, kuchora kila treni ipite wapi, ipishane na ipi, na isimame dakika ngapi. Mistari miwili ikigusana mahali pasipo na stesheni, watu wamekufa. Katika miaka yote hiyo haikugusana. Mimi nilikuwa mtu wa ishara, mwenye kuzipungia treni bendera, ndiyo maana wananiita Bendera. Shule niliiacha darasa la tatu. Mengine nimeyapata kwenye magazeti yaliyoachwa na abiria, na kwenye kamusi moja iliyopoteza kurasa za mwanzo, kwa hiyo maneno yanayoanza na A mpaka D msiniulize.

Jioni reli ilipofungwa, treni ya mwisho ilipopita, tuliapa watu watatu: Dakika, mimi, na dereva mmoja ambaye sasa ni marehemu. Tuliapa kwamba hatutapanda basi maisha yetu yote. Mabasi ndiyo yaliyotuua. Yalianza kwa kutuibia abiria, yakamaliza kwa kutuibia hata heshima, maana leo mtoto ukimwambia treni ilikuwa inaondoka kwa wakati wake anakucheka usoni.

Watu walidhani ni hasira za wiki moja. Ilipita miaka kumi na tisa. Dereva alipofariki tulimpeleka makaburini kwa mkokoteni, kilomita sita, mjane wake akitulaani njia nzima. Kaka yake Dakika alipofariki katika mji wa mbali, Dakika alikwenda mazikoni juu ya lori la saruji. Mkewe, ambaye hakuapa chochote, alipanda basi. Akafika mapema, akalia na wenziwe, akapika, akamfunikia mumewe sahani. Jioni Dakika akashuka kwenye lori mweupe kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu, na watoto wakatawanyika wakipiga kelele kwamba marehemu karudi.

"Sahani yako hii," mkewe alimwambia. "Lakini jipanguse kwanza. Usinitilie saruji kwenye mboga."

Huyo ndiye ninayemwita shemeji. Ujanani aliuza tiketi kwenye dirisha la pili, na Dakika alinunua tiketi nyingi za kwenda mahali ambapo hakuwa na shida napo mpaka alipopata ujasiri wa kusema. Shemeji ana ndugu mmoja tu duniani, dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Dada huyo aliolewa nchi ya mbali, akafiwa na mume huko huko, akabaki. Walikuwa hawajaonana miaka thelathini na moja. Shemeji alimtaja mara chache sana, kama mtu mwenye nguo nzuri anayeogopa kuichakaza.

Mwaka juzi kijana wao, anayefanya kazi katika nchi hiyo hiyo, alitangaza kwamba anaoa, akawatumia wazazi wake tiketi za ndege. Ndege haikuwemo kwenye kiapo. Tulilijadili jambo hilo mimi na Dakika, tukaona ndege haijamdhuru mtu wa reli. Kilichobaki ni kwamba baada ya harusi bwana na bibi harusi wangeondoka kwenda fungate, na ndege ya wazee ya kurudi ilikuwa bado siku nne.

"Siku nne hizo hazina mwenyewe, baba," kijana alisema kwenye simu. "Chagueni wenyewe mnapotaka kwenda, mimi nitapanga."

Basi mtaa mzima ukawachagulia. Mwenye duka alisema waende kwenye jengo la maduka lenye ngazi zinazotembea. Kinyozi alitaka wakapige picha chini ya mnara.

"Mnara wa nini?" Dakika akauliza.

"Mnara tu, mzee. Kila mtu anapiga pale."

"Una saa?"

"Sidhani."

"Basi sina shida nao."

Dakika alikuwa amekwisha kuchagua. Nchi ile ina treni ya zamani inayopanda milimani, mahandaki arobaini, na kijana alikuwa amemtumia ratiba yake iliyochapwa. Aliniita nyumbani kwake, akaitandaza mezani pamoja na ramani, akaiweka sawa kwa viganja kama mtu aliyepokea barua ya kurudishwa kazini. Sikuwa nimemwona na penseli masikioni tangu reli ifungwe. Siku ile alikuwa nazo mbili, moja kila sikio.

"Bendera, tazama hapa. Saa mbili na dakika saba asubuhi. Siyo saa mbili. Na dakika saba!"

"Hao ni watu," nikasema.

"Siku ya kwanza tunapanda mpaka hapa juu, tunalala. Ya pili tunateremka upande wa pili. Ya tatu tunazunguka ziwa. Ya nne tunarudi, na tunabakiwa na saa sita na nusu kabla ya ndege. Hata dakika moja haijapotea."

"Niletee tiketi. Lakini iwe imetobolewa na mkaguzi. Isiyotobolewa ni karatasi tu."

"Nitakuletea mbili. Shemeji yako atakupa na yake."

Shemeji alikuwa ameingia na chai. Aliweka vikombe, akasimama nyuma ya mumewe akiitazama ramani na mstari wake mwekundu. Kisha akainama, akaweka kidole mahali palipokuwa mbali na mstari.

"Na hapa?"

Dakika akavaa miwani. "Hapo? Hapo reli haifiki. Ni basi tu, saa tano nzima."

"Najua," akasema Shemeji.

Akavichukua vikombe, na changu kilikuwa bado nusu.

"Mbona umenuna?" Dakika alimwita kutoka mezani. "Au treni huipendi siku hizi?"

"Naipenda," sauti ikatoka jikoni. "Nimeishi uke wenza nayo miaka arobaini, hatujawahi kugombana."

Tukacheka. Dakika alicheka kwa sababu hakuelewa. Alikuwa amezama kwenye dakika saba zake. Mimi nilicheka nikiwa nimeelewa, na hilo ndilo ninalolijutia. Enzi zetu mifuko ya barua ilikuja na treni, na barua za dada yake nilikuwa nikimpelekea mwenyewe pale dirishani. Jina la mji lililokuwa kwenye muhuri nililijua kwa kichwa, na ndilo nililolisoma chini ya kidole chake. Neno moja lingetosha. Lakini niliitaka ile tiketi. Nilitaka kabla sijafa nishike karatasi iliyopita kwenye mkono wa mkaguzi wa kweli, katika treni ya kweli. Nikanyamaza, nikamsaidia Dakika kukagua ratiba yake mara ya nne.

Siku kumi kabla ya safari alikuja kwangu asubuhi, bila kofia. Dakika hatoki bila kofia.

"Nimekuta sweta kwenye begi," akasema, bado amesimama mlangoni.

"Sweta la nani?"

"Ndivyo nilivyomuuliza. Amelifuma mwenyewe, zambarau, na vifungo vikubwa vya mtu mwenye vidole vibovu. Akasema ni la dada. Akifika kule atalituma kwa posta, kwa sababu kutoka kule litafika baada ya siku mbili tu." Alikaa kwenye kiti changu bila kukaribishwa. "Bendera, mtu avuke bahari, aingie nchi moja na dada yake, halafu amtumie sweta kwa posta?"

Nikajitia kutafuta kiberiti.

"Nikamwambia, kwa nini usimpe mkononi? Akasema, 'Reli haifiki, mzee wangu.' Wala hakusema kwa ubaya. Alikuwa anakunja soksi zangu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tunakwenda kwa dada. Siku zote nne."

"Kwa basi."

"Kwa basi."

Hapo ningepaswa kumshika mkono. Badala yake nikasimama kama hakimu. "Na kiapo?"

"Niliapa mimi. Yeye hakuapa, na miaka kumi na tisa ametumikia kifungo changu."

"Sawa, panda. Panda yote, yamalize! Marehemu anakusikia huko aliko."

"Marehemu tulimsukuma kwa mkokoteni kama gunia la mkaa. Mjane wake hatusalimii mpaka leo, na ana haki." Akanitazama. "Siku ile alipoweka kidole kwenye ramani. Ulijua ni wapi?"

Nikatazama viatu vyangu. "Nilijua."

Alinyanyuka akatoka. Mlango aliufunga taratibu, maana Dakika hajawahi kubamiza mlango, na nadhani angeubamiza ningelala vizuri zaidi wiki ile.

Yaliyofuata huko niliyapata kwa barua ya Dakika. Walimkuta dada peke yake, miguu haimbebi, anakwenda jikoni akijishikilia kutani. Siku ya nne ilipofika Shemeji hakufunga begi, na Dakika hakumkumbusha. Akampigia kijana simu aiache ndege iende. Sasa ni mwaka na nusu. Anasema dada ni mkali, anawaamrisha wote wawili kama watoto, na sweta halivui hata jua likiwaka. Anasema pia kwamba Shemeji amenenepa na anaimba akifua, jambo ambalo hakuwa amelisikia tangu enzi za dirisha la pili. Hawatarudi wakati dada yu hai, na mimi sina umri wa kusubiri sana.

Ndani ya bahasha hiyo kulikuwa na tiketi ya basi. Alikuwa ameitoboa mwenyewe, kwa msumari nadhani, na nyuma ameandika kwa ile penseli yake: "Kuondoka saa tatu kamili. Kufika saa nane na dakika nne. Limechelewa dakika nne. Nimewaeleza." Ninaiweka kwenye kamusi.

Mara ya mwisho kuwaona ilikuwa asubuhi ya safari. Mpwa wao alikuwa amejitolea kuwapeleka uwanja wa ndege kwa gari lake la mizigo, lakini kinyozi aliniambia Dakika amekataa. Anataka kuvunja kiapo nyumbani, kwanza, ili huko ugenini asimtie mkewe aibu kwa kuuliza mlango wa basi uko wapi.

Nilikwenda. Stendi sikuingia; nilisimama ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la matairi. Dakika alikuwa mlangoni pa basi, kofia kichwani, saa mkononi.

"Mzee, panda, tunaondoka," kondakta alimwambia.

"Mnaondoka saa ngapi?"

"Likijaa."

"Likijaa siyo saa, mwanangu."

Shemeji alicheka, akamvuta mkono wa koti. "Panda, mume wangu. Leo ratiba ninayo mimi."

Wakapanda. Nikaona Dakika akimpisha akae dirishani. Basi lilipogeuka kutoka stendi, Shemeji ndiye aliyeniona kwanza. Akampiga mumewe kiwiko.

Nilikuwa nimeitoa sandukuni ile bendera ya kijani, nondo wameitoboa kila mahali. Nikaikunjua, nikainyoosha juu, njia iko wazi. Dereva alidhani nataka lifti, akanipigia honi ya matusi. Dakika akainuka kwenye kiti, akatazama saa yake, akanitikisia kichwa mara moja, kama alivyokuwa akifanya treni ikiondoka kwa wakati. Shemeji alikuwa ameweka kiganja kwenye kioo. Niliishikilia bendera juu mpaka behewa la mwisho lipite, kama kanuni inavyotaka, ingawa basi lina behewa moja tu.