Mitungi ya Shimoni

"Mjomba, mbona mtungi huu unauchimba mpaka chini, na wenyewe unaenda kufukiwa?"

Nilikuwa na miaka saba. Mjomba Hepu, kaka yake mama, alikuwa amekaa kwenye vumbi la karakana ya hekalu, hapa kwetu Gebtu, anazungusha keekee ya kutobolea ndani ya jiwe jeupe. Mchanga ulisaga kwaru, kwaru. Alinimegea mkate wake.

Hekalu jipya lilikuwa linaanzwa. Siku mfalme akija kuvuta kamba ya kupimia msingi, kila kona inachimbwa shimo, inawekwa mikate, kichwa cha ng'ombe, vishoka vidogo, na mitungi ya jiwe yenye jina lake. Halafu mchanga, halafu ukuta juu yake. Nani atachungulia tena? Basi mafundi wengine walitoboa kina cha kidole gumba, wakabandika kifuniko. Wao walimaliza mitano, mjomba mmoja.

"Hepu, kisima hicho unamchimbia nani?" msimamizi Senbi alikuwa akimtania.

"Nakuchimbia wewe, mkuu. Kwa bia unayokunywa wewe, kitatosha kweli?"

Karakana nzima ikacheka. Lakini siku ya kamba ilipokaribia na mitungi haijatimia, Senbi hakutania tena.

"Chagua, mzee. Toboa kama wenzako, au keekee hiyo ukaizungushie kwenu."

Mjomba aliifuta keekee yake, akaitia begani, akaondoka. Miaka ishirini ya kazi, hivyo tu.

Tangu hapo anachongea majirani vyombo vya wanja, wanamlipa vitunguu na samaki. Vumbi limemla macho. Sasa anapima kwa kidole. Mimi niko shule ya waandishi, na majina ya kuchonga namchorea mimi kwa wino.

Mwezi uliopita jirani alifiwa na mtoto, akaomba mtungi wa kuzikwa naye, wa kinywaji cha huko aendako. Mjomba aliuchimba siku tatu mfululizo, mimi nimemshikia jiwe. Nikamuuliza tena lile swali langu la utotoni.

Keekee ikasimama.

"Wewe ulikuwa hujazaliwa. Nilikuwa na binti, Iti. Alipofariki kazi za hekalu zilikuwa zimenibana, nikamtobolea mtungi wake kina cha kidole gumba tu, nikabandika kifuniko. Hata mama yake hakujua. Na alivyokuwa anapenda maziwa yule, mwanangu! Nilimzika na mtungi usioingia hata funda moja."