Kijiko cha Chumvi Mbele ya Sonara

Mama mdogo wangu alikuwa fundi cherehani, na kwake jambo lisilopimwa lilikuwa uzembe. Daktari alipomwambia kwamba moyo wa mumewe umechoka, asile zaidi ya gramu tano za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, alirudi nyumbani akachagua kijiko kwenye droo, akakifunga uzi mwekundu shingoni. Tangu hapo kila asubuhi alichota chumvi, akaisawazisha kwa mgongo wa kisu, akaimimina kwenye kikombe kidogo. Hiyo ndiyo iliyokuwa chumvi ya baba mdogo mpaka jioni. Ikiisha, imeisha.

Baba mdogo alilalamika kama mtoto.

"Mke wangu, niongezee japo chembe. Hiki ni chakula au adhabu?"

"Nuna tu, mradi uko hai," alijibu mama mdogo, mkono tayari umefunika kopo.

Sisi tulicheka. Mtaa mzima ukambandika jina la Mama Kijiko, naye akalivaa kwa maringo.

Baba mdogo akafa hata hivyo, mvi zenyewe hazijamjaa kichwani.

Wageni walikuwa bado wamejaa sebuleni wakati wifi yake, dada mkubwa wa marehemu, alipoingia jikoni kutafuta sukari. Alitoka na kopo la chumvi, akaliinua juu.

"Tazameni! Chumvi ya mawe! Hii ni kali, tena nzito, na alikuwa anampimia kijiko kizima. Kaka yangu kauawa polepole!"

Mimi subira sina. Ningekuwa mama mdogo, kopo lile lingerudi jikoni likipitia kichwani kwake. Lakini mama mdogo aliduwaa tu, na aliyeduwaa huonekana ana hatia. Maneno yakasambaa. Wanawake aliowashonea nguo za harusi wakawa wanampita dukani kwake wakitazama upande wa pili.

Ndipo akamfuata wifi yake nyumbani kwake. "Wifi, twende kwa sonara. Mizani yake haina undugu na mtu." Wifi akakubali, nami nikawafuata.

Sonara alikuwa na duka jirani na la mama mdogo, na mizani yake ya dhahabu ilipima hata punje. Mama mdogo alinunua pakiti ya chumvi laini, akachota kwa kijiko chake chenye uzi, akasawazisha kwa kisu, akamimina.

"Tano," akasema sonara.

Kisha akachota ya mawe, kutoka kwenye kopo lilelile lililoinuliwa mbele ya wageni.

"Tatu." Sonara akapima tena. "Ni tatu, mama. Mawe yanaacha nafasi katikati. Kijiko unakiona kimejaa, kumbe nusu ni hewa."

Nilitaka kupiga vigelegele palepale dukani. Nikamgeukia yule wifi nimwone anavyomeza mate yake. Aliyameza, kweli. Lakini mdomo ule haukukaa bure muda mrefu.

"Kwa hiyo ulimpunja," akasema. "Alikuwa anakuomba haki yake, na wewe unamnyima."

Mama mdogo hakumtazama hata wifi yake. Alimwomba sonara ampimie gramu mbili za ile chumvi ya mawe. Sonara akazimimina kwenye kipande cha karatasi. Zilikuwa chache mno, hazikufunika hata kiganja cha mtoto.

"Ni hizi tu," akasema mama mdogo. "Ni hizi tu alizokuwa anataka."

Akaikunja karatasi, akaibana kifuani, akatoka. Kijiko kilibaki juu ya meza. Nilikichukua nikamkimbilia, nikamfikia mlangoni kwake akihangaika na funguo.

"Mama mdogo, umesahau kijiko chako."

"Kitupe," akasema, bila kugeuka.