Mtu wa Saba, Nyumba Namba 112

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Maktaba pale Morogoro hakunipa kiti. Alinipa rafu. "Hesabu," akasema, akaenda kunywa chai.

Nilipata vitabu mia mbili kumi na kimoja. Mimi nimekulia sokoni Ifakara, mama yangu akiuza mchele kwa debe, kwa hiyo nikahesabu tena bila kuambiwa: mia mbili kumi na kimoja. Aliporudi alifungua daftari la mapokezi, lile ambamo kila kitabu kinachoingia hupewa namba yake, akanionyesha kuwa vinatakiwa kuwa mia mbili kumi na viwili.

"Basi kimoja kimeibwa," nikasema.

"Au hakikuwahi kuwepo. Mtu aliandika tu. Kitabu kilichomo daftarini na rafuni hakimo, sisi hapa tunakiita marehemu. Usikimbilie kumtafuta mwizi, binti. Anza kwa kuuliza kama marehemu aliwahi kuishi."

Nilicheka, maana nilikuwa kijana na nilidhani ni utani wa ofisini.

Morogoro nilikaa miaka minne. Nikahamishiwa Kidatu, kwenye maktaba ya wafanyakazi, chumba kimoja chenye feni isiyozunguka na magazeti yaliyoletwa na mabasi ya Mikumi habari zikiwa zimeshachacha. Bosi wangu kule alikuwa Afisa Ustawi, ambaye maktaba aliipenda kwa sababu ilikuwa kimya na yeye alikuwa na usingizi. Miaka ya tisini ilinikuta nimerudi nyumbani Ifakara, kwenye chuo kidogo cha afya ambacho jina lake nalihifadhi. Wanafunzi waliniita Mama Maktaba, na mpaka leo sokoni naitwa hivyo, hata na wanaonipunja.

Kompyuta ilikuja mwishoni mwa miaka hiyo. Vijana wanaosoma haya wasifikirie mtandao wanaoujua wao. Yetu ilifungwa kwenye redio ya mawasiliano, ile ya kuita "ova" na "ova". Mara mbili kwa siku, saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, redio ililia kama nyuki waliofungiwa kwenye kopo, na barua pepe zikaingia na kutoka. Ukihitaji ukurasa wa ng'ambo, uliandika barua ya kuuomba, ukangoja. Barua ikizidi kurasa mbili redio iliitapika, kwa hiyo maandiko marefu yalikuja vipande vipande, siku baada ya siku. Tulikuwa pia na diski zenye mihtasari, yaani aya fupi inayosema utafiti fulani ulifanya nini na ukaona nini.

Kazi yangu ilikuwa kuwafundisha wanafunzi kutafuta, na kazi kubwa zaidi, kutoamini walichopata. Kutafuta nilifundisha kwa lugha ya soko. Ukiiambia mashine "mtoto", nilisema, itakuletea watoto wa dunia nzima na hutajua pa kuwalaza. Sema "mtoto na maji na Kilombero". Ukitaka samaki wabichi tu, sema "samaki bila wakavu". Kuhusu kuamini, niliwapeleka sokoni kweli, darasa zima, tukasimama mbele ya gunia la lumbesa lililoshonewa kichwa cha ziada juu. Nani anasema hili ni gunia moja? Amejuaje? Anapata nini ukimkubalia? Na ukimuuliza mtu wa pili, je, huyo wa pili amepima mwenyewe au amesikia kwa wa kwanza? Chanzo kimoja kikivaa nguo mbili bado ni kimoja.

Wachuuzi walilalamika kwa Mkuu wa Chuo kwamba nawaharibia biashara. Nilipata barua ya onyo. Ninayo bado.

Prisca alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, mzaliwa wa Mofu, binti wa maneno machache na mwandiko mzuri. Ili ahitimu alitakiwa kuwasilisha andiko, na aliamua kuandika juu ya vifo vya watoto kijijini kwao, zamani na sasa. Kwenye diski tukapata muhtasari wa utafiti uliofanywa Mofu yapata miaka ishirini nyuma na wageni wa ng'ambo waliokwishaondoka zamani. Nikaandika barua ng'ambo. Mkutubi mwenzangu wa huko, ambaye sijawahi kuona hata picha yake, akajibu kwamba ripoti anayo pamoja na kiambatisho chenye nyumba zote, na atanitumia kurasa mbili kila siku.

Zikaanza kuja. Kila saa tisa printa ilikwaruza, na Prisca alisimama nyuma yake mikono mgongoni. Hakukuwa na majina, ni namba tu: namba ya nyumba, kisha watu wake kwa namba, jinsia, umri, uzito wa watoto, na safari tatu za wapimaji. Nyumba ya 20. Nyumba ya 47. Nyumba ya 80.

"Kwetu ni 112," Prisca aliniambia siku moja. "Waliandika mlangoni kwa rangi ya mafuta. Baba hakuifuta, ipo mpaka leo."

Baada ya hapo hakuna aliyechelewa, si yeye wala mimi. Ni jambo la ajabu kusubiri nyumba ya mtu isogee kwako namna ile, nyumba nane nane kwa siku, kutoka nchi ambako watu hata mto Kilombero hawaujui.

Ile 112 ilifika Alhamisi. Watu saba. Prisca akafuata kwa kidole. Baba, mama, bibi, baba mdogo, yeye mwenyewe namba 05 akiwa na miaka minne, mdogo wake wa kiume, mchanga, namba 06. Kidole kikasimama.

Namba 07. Kike. Miaka mitatu. Safari ya kwanza, amepimwa. Safari ya pili, amepimwa, ameongezeka nusu kilo. Safari ya tatu, amefariki, kuharisha. Kaburi limeonekana.

"Mama Maktaba," akasema, "hesabu na wewe."

Nikahesabu. Nikahesabu tena. Saba.

"Sisi hatujawahi kuwa saba."

Mtu aliyeandikwa kimakosa hapimwi uzito, na akipimwa haongezeki nusu kilo. Hilo ndilo lililonitia baridi, na ilikuwa saa tisa mchana wa Ifakara.

Tulikwenda kwa Mkuu wa Chuo. Alikuwa mtu wa haki lakini wa haraka. Prisca aliomba aiache ripoti ile mpaka aijue vizuri. Mkuu akatikisa kichwa. "Andiko la Mofu lisilo na ripoti hiyo halipiti, na wewe huhitimu. Kilichochapishwa kimechapishwa." Kisha akaitazama karatasi, akaishusha mezani. "Isitoshe, nilikuwepo. Nilikuwa karani wao, kijana wa mizani. Hili kaburi nililiona mimi. Nyuma ya nyumba, upande wa migomba."

Prisca akakaa bila kukaribishwa.

Nilitoka na mapatano. Niliomba wiki mbili, akanipa siku tatu, tukaishia wiki moja. Niliomba gari, akasema baiskeli, tukaishia pikipiki ya chuo na lita nne za mafuta. Nilipima zile lita. Zilikuwa tatu na nusu.

Mama yake Prisca alitupokea vizuri. Mwanamke mrefu, mkavu, wa rika langu. Nyumba safi, 112 imefifia mlangoni. Kabla ya mazungumzo alitandika mkeka na kuweka chakula, wali na kambale. Tulikuwa watano: yeye, mumewe, yule mdogo wa kiume wa Prisca, Prisca na mimi. Alipakua sahani sita. Nikafikiri kuna mtu yuko shambani. Hakuna aliyekuja, na hakuna aliyeigusa ile ya sita wala kuiangalia, kama vile watu wasivyoangalia nguzo ya nyumba yao.

Tulipomaliza Prisca akasema, "Mama, mimi nilikuwa na mdogo wangu wa kike?"

"Hukuwa naye."

"Kaandikwa."

"Nani kamwandika?"

Akampa karatasi, na kwa kuwa mama hakusoma, akamsomea. Ilipofika nusu kilo, mama akacheka kidogo kwa puani. Ilipofika kaburi, akaacha.

"Walikuwa wanatoa sabuni," akaniambia mimi, si mwanawe. "Mche mmoja kwa kila mtoto aliyepimwa. Mwalimu, unakumbuka enzi ile, tulifua kwa majani ya mpapai. Jirani hapo 113 alikuwa na binti, Kolumba. Wakishampima kwao, anapita migombani, anakuja kupimwa kwangu. Na huyu Prisca naye anapita hivyohivyo kwenda kwao. Wageni wanaona watoto wote sawa."

"Na kufa?" akauliza Prisca.

"Jirani akahamia Katindiuka na mtoto wake. Wakaja mara ya tatu. Yule karani akauliza, na huyu mwingine yuko wapi? Ningesema nini? Kaenda kwa shangazi, wangengoja. Nikasema amefariki. Nikadhani ataandika aondoke. Akasema sheria ya kazi ni aone kaburi." Alinyoosha nguo magotini. "Nilikuwa na tuta moja la viazi nyuma, fupi. Nikamwonyesha hilo. Kumbe kijana ana roho. Akavua kofia, akapiga magoti, akamwombea sala yote. Mimi nimesimama pale na jembe."

Mumewe alikuwa anaangalia nje.

"Hukuvichimba," nikasema.

"Viazi vya tuta lililoombewa? Ungekula wewe?"

Tulikwenda kuliona. Lilikuwa dogo, limepaliliwa, udongo umepigwa vizuri pembeni, mawe mawili kichwani. Palizi ilikuwa ya wiki ile. Nilimuuliza kwa nini asilisawazishe sasa, wenyewe tumejua ukweli. Alinitazama kama mteja aliyetaja bei ya kipuuzi.

"Na yeye aende wapi?"

Prisca akawa anapekua zile karatasi. Nyumba ya 113, wote wamehama, pamoja na mtoto mmoja wa kike, miaka minne, ambaye kwa hesabu zote alikuwa ni yeye. "Kwa hiyo kuna mimi mwingine," akasema, "anaishi Katindiuka."

Neno la mama mtu pekee halitoshi, hata likikupendeza. Tulipita Katindiuka tukirudi. Kolumba tulimkuta akipepeta mpunga, mwanamke mnene, mchangamfu, mtoto mgongoni. Alikumbuka kupita migombani na kubebwa kuwekwa kwenye mizani ya kuning'inia. Tulipomweleza yaliyoandikwa aliweka ungo chini.

"Nilikufa na nini?"

"Kuharisha," Prisca akasema.

"Duh. Na niliteseka?"

Alikuwa anatania, lakini alipotusindikiza mpaka barabarani aliuliza tena, kwa sauti nyingine, kama pale Mofu kuna kitu ndani ya udongo. Nikamwambia hakuna. Akauliza nimejuaje. Hilo ni swali ninalolifundisha mwenyewe.

Prisca aliandika ukweli bila kutaja jina la mtu: kwamba katika ripoti kuna angalau kifo kimoja ambacho si kifo, na mtu mmoja aliyeishi nyumba mbili, na kwamba kwa hiyo yeye hawezi kuzitegemea hesabu zile. Badala yake alipita Mofu nyumba kwa nyumba na kuuliza upya. Alitumia likizo yake yote. Rafiki zake walimwambia anajitafutia mwaka wa ziada chuoni.

Mkuu wa Chuo alilisoma andiko akiwa amesimama, mimi na Prisca mbele yake. Alipofika kwenye tuta alikaa.

"Nilisoma sala ya maziko ya mtoto," akasema. "Yote. Sikuruka neno. Ilikwenda kwa nani?"

"Sina rejea ya hilo, Mkuu," nikasema.

Alichukua kalamu. Ilikaa juu ya karatasi muda mrefu kiasi kwamba nilidhani wino umekwisha. Kisha akasaini, na chini ya sahihi akaandika kwamba karani aliyetajwa ukurasa wa kumi na nne ni yeye. Hakuna aliyemlazimisha. Nimefanya kazi chini ya wakuu wengi, na huyo ndiye ninayemheshimu.

Nimestaafu sasa. Wajukuu wanatafuta kwa simu, majibu yanakuja kabla hawajamaliza kuuliza, na hawaoni nyumba zikisogea. Siku moja nilimwomba mmoja wao anitafutie ile ripoti. Ipo, nzima, bila redio wala kungoja, na wengine wengi wameitaja katika vitabu vyao. Andiko la Prisca ni nakala moja ya taipu, kabati la kushoto kule maktaba ya chuo, kama panya hawajahitimu nalo. Namba 07 anaendelea kufa kila mtu anapofungua ukurasa. Nikiulizwa nini nilichojifunza kazini, sina hotuba. Nilifundisha watu kuuliza, na wengine waliuliza mpaka mwisho, na nilichoweza ni kukaa karibu nao.

Mama yake Prisca alifariki juzijuzi, baada ya masika. Nilikwenda Mofu kuzika. Prisca sasa ni mganga mfawidhi wa zahanati, mvi zimeanza, na dereva wa gari lake aliniamkia shikamoo mara tatu. Walimchimbia mama pale nyuma, upande wa migomba, karibu na lile dogo. Katekista, kijana mgeni pale kijijini, alikuwa na daftari la parokia anaandika makaburi ya ukoo. Akaelekeza penseli.

"Na huyu ni nani?"

Watu wakamgeukia Prisca.

"Mdogo wangu," akasema.

"Jina?"

Prisca alinitazama jinsi mwanafunzi anavyomtazama mwalimu kabla ya kujibu. Nilikuwa na kila kitu cha kumsahihisha: kurasa, tarehe, na Kolumba mwenyewe, hai, amesimama mita tatu kutoka kwetu na kitenge kichwani, anangoja asikie. Nikayaangalia majaruba ya mpunga.

"Hakupewa," akasema.