Hatua Tatu Bila Fimbo

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, nilipokuwa kijana mwenye sifa nyingi kichwani. Niliegemeza fimbo yangu ukutani kwa watu, nikatembea hatua tatu uani, na akina mama wakapiga vigelegele mpaka mbuzi wakakimbia. Nilirudi nyumbani nimefurahi, nikala ugali mkubwa, nikalala. Ilinichukua miezi kujua nilichokuwa nimemfanyia mtu siku ile.

Nimeikumbuka kwa sababu yako. Umenionyesha hiyo video kwenye simu, kijana wa nchi za watu aliyevunjika mgongo. Wanamfunga mikanda, anatetemeka, muziki unalia, mara kasimama, watu wanafuta machozi. Ukasema unataka umtumie rafiki yako wa Mpanda aliyeanguka na bodaboda, umtie moyo. Nikakwambia ngoja kwanza, ukaninunia. Haya, nuna tu, lakini kaa hapo unisikilize.

Enzi zetu hapa Usevya video hizo hazikuwepo. Video nilikuwa mimi.

Hadithi yangu ya kuanguka unaijua. Nilikuwa juu ya mti napandisha mzinga wa nyuki, kamba ikakatika, nikashuka nao hadi chini. Miezi saba sikuweza kuchezesha hata kidole cha mguu. Kisha kidole kikacheza. Mwaka haujaisha nikawa nasimama kwa fimbo. Ila daktari alikuwa ameniambia mapema kabisa: uti wako wa mgongo haukukatika, Fausto, umebanwa tu, mshukuru Mungu. Nilimshukuru Mungu kweli, lakini maneno ya daktari nikayaacha hukohuko hospitali. Hayakuwa matamu kusimulia.

Nilichosimulia ni hiki: nilikataa. Niliuambia mwili wangu sikubali, nikaamka. Jamani, watu waliipenda hiyo! Jumuiya yetu ya kanisani, hizi nyumba za jirani tunaosali pamoja, ilikuwa na kawaida ya kutembelea wagonjwa baada ya misa. Basi wakawa wananipakia kwenye baiskeli, nikifika kwa mgonjwa nasimulia, halafu naacha fimbo na kutembea zile hatua tatu. Tatu tu, maana ya nne ningeanguka. Hilo nalo sikulisema. Wala sikusema kwamba mguu wa kushoto hausikii kitu, au kwamba kuna asubuhi nilikuwa naamka shuka limelowa kama la mtoto. Nani atapigia vigelegele shuka lililolowa?

Jumapili hiyo tulikwenda kwa Leokadia. Alikuwa binti wa miaka ishirini na mbili, ana mtoto mdogo wa kike, na alikuwa ameanguka kutoka juu ya lori la mpunga. Masista walikuwa wamemletea kiti cha magurudumu, kizuri, kina mto mnene wa sponji. Tulimkuta amekikalia mlangoni anamenya karanga, mtoto kamlalia mapajani. Nesi aliyekuwa anamhudumia alinivuta pembeni kabla sijaanza.

"Fausto, uti wa huyu umekatika. Usije ukamwahidi kusimama."

Nikajisemea, huyu nesi naye, imani hana. Nikaenda nikamwambia Leokadia mbele ya watu wote, "Mdogo wangu, hicho kiti ndicho kinachokufunga. Ukikikalia umekubali. Kataa, kama mimi nilivyokataa." Nikaegemeza fimbo. Hatua tatu. Mengine nimeshakwambia.

Leokadia akakataa, mwanangu. Alikataa kwa nguvu zake zote, na nguvu alikuwa nazo kuliko mimi. Kiti kikapelekwa stoo. Wajomba zake wakachimbia miti miwili uani, ikawa kila asubuhi mama yake anamfunga magoti kwa kanga na vijiti, anamnyanyua, naye ananing'inia pale kwa mikono hadi jasho linamtoka. Akichoka anakaa chini kwenye mkeka, juu ya ardhi ngumu, kutwa nzima. Kitini hataki. Karanga akaacha kumenya, mtoto akapelekwa kwa bibi mwingine ili mama yake apate nafasi ya mazoezi. Na mimi nikipita nimepakiwa kwenye baiskeli napiga kelele, "Hapo hapo, usilegee!" Ole wangu.

Miezi ikapita, mguu haukucheza. Watu wakaanza kunong'ona. Mbona Fausto aliweza? Huyu hajitumi. Huyu hajasali vizuri. Mama mmoja wa jumuiya yetu alimwambia usoni kwamba labda kuna dhambi hajaitubu. Naye Leokadia, ambaye nyuma huko alikuwa mcheshi ajabu, akaanza kuomba msamaha kwa kila anayeingia uani. Anaomba msamaha kwa ajili ya miguu yake!

Kumbe muda wote huo alikuwa na kidonda makalioni. Hakukisikia, angekisikiaje, na mkeka ulizidi kukichimba. Kilipogunduliwa homa ilikuwa imeshapanda anaongea maneno yasiyoeleweka. Wakamkimbiza hospitali Mpanda, na kijijini tukawa tunangoja habari ya msiba.

Nilikwenda kumwona nikiwa na asali kwenye chupa. Sikujua hata ninamletea asali au ninajificha nyuma yake. Homa ilikuwa imeshuka, kalazwa kifudifudi, shavu juu ya mto, amekonda. Mama yake alikuwa pembeni anampepea. Hakunikaribisha kiti. Alisema taratibu, bila ukali wowote, na afadhali angenipiga kofi.

"Fausto mwanangu, wewe uliposimama tulishukuru wote, na mimi nilicheza. Huyu hakusimama, wakasema mvivu. Nyie mnaopona, mkishapona, mbona mnatuachia sisi deni la kupona?"

Leokadia ndiye aliyeongea.

"Kaka Fausto, niambie kweli. Ulisimama kwa sababu ulikataa?"

Nilitazama sakafu. Nikasema hapana. Nikasema uti wangu ulibanwa tu, daktari aliniambia siku za mwanzo.

"Na wangu?"

"Wako umekatika."

"Ulikuwa unajua?"

"Nesi aliniambia siku ile ile."

Akafumba macho. Nilidhani atanifukuza, na ningekwenda. Nilisimama pale na chupa yangu ya asali, nikajiona mtu wa hovyo. Alipofumbua macho aliniambia, "Basi kaa. Nisimulie na yale uliyokuwa unayaficha."

Nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikamsimulia. Nikamwambia habari ya shuka. Nikamwambia siku niliyokanyaga kaa la moto nikaendelea kuongea na mgeni, mpaka mgeni ndiye akauliza, "Mbona pananukia nyama?" Lo! Leokadia alicheka, mwanangu. Alicheka uso umezama kwenye mto, mabega yanaruka, mama yake naye akaacha kupepea akawa anacheka na machozi yanamtoka, mpaka nesi wa zamu akaja kutuuliza kuna nini. Ilikuwa mara ya kwanza mtu ananisikiliza mimi mzima, siyo zile hatua tatu.

Kicheko kilipoisha Leokadia alimgeukia mama yake.

"Mama, kiti changu kipo?"

Mama akaona haya. "Kipo stoo. Kuku wanatagia."

"Ukifika nyumbani watoe hao kuku. Na mwanangu arudi."

Kidonda kilichukua muda mrefu kufunga, nisikudanganye. Lakini alirudi Usevya amekalia kiti chake, mtoto mapajani. Akajifunza kujinyanyua kitini kila baada ya muda ili ngozi ipumue, na kukagua mwili wake kwa kioo kila asubuhi. Mikono ile iliyoning'inia kwenye miti ikazungusha cherehani ya mkono. Ile suruali ya shule uliyovaa darasa la kwanza ni ya mikono yake. Ndiyo, ni huyo huyo Mama Jeni fundi, unayemwogopa kwa ulimi wake! Mpaka leo nikipita ananiita, "Wee hatua tatu, njoo unywe chai." Naenda. Nakaa. Tunaulizana habari za ngozi na kibofu kama wengine wanavyoulizana habari za mvua, na ninaondoka pale roho nyeupe.

Siku moja nilimuuliza kama aliwahi kukata tamaa ya kutembea. Akanijibu huku anakata kitambaa, "Niliacha kungoja, kaka. Kukata tamaa ni kitu kingine."

Sasa sikia, mwanangu. Sikukatazi kumpa rafiki yako tumaini, wala sisemi huyo kijana wa kwenye simu ni mwongo. Amesimama, nafurahi naye. Lakini mwili wake siyo wa rafiki yako, na hiyo video imekata mashuka yote yaliyolowa. Ukimtumia leo, akiwa kitandani, ataitazama mara kumi, halafu atatazama miguu yake, na atajiuliza amekosa nini. Usimpe mtu mgonjwa kazi ya kukufurahisha wewe.

Nenda kwake. Gari la Mpanda lipo kesho asubuhi. Ukifika usimuulize atasimama lini. Muulize amekula nini, nani anamgeuza, anataka nini. Akitaka habari za mpira, mpe za mpira. Akitaka kulia, keti. Akikuomba mwenyewe hadithi ya waliopona, msimulie, ila msimulie nzima. Na kabla ya kuondoka pitia kwa Mama Jeni, ana mto wa sponji alioushona mwenyewe kwa ajili ya rafiki yako. Ndiyo, nilishamwambia habari zake, usinitolee macho.

Mungu akujalie miguu isiyosahau njia ya kwa rafiki yako, na mdomo unaojua kunyamaza ukishafika. Akupe uzee wenye mtu wa kukuita chai, na umweleze yote bila kuficha shuka. Haya, iweke hiyo simu mfukoni, kajiandae na safari.