Kusoma Ini Kambu

Nilipokuwa mwaka wa tatu chuoni, mhadhiri wetu wa utamaduni wa Wagiriki na Warumi alitupa kazi ya likizo: tueleze jinsi Warumi walivyotazama maini ya wanyama ili kujua miungu inataka nini. Kabla ya kwenda vitani walichinja, ini likatolewa, na mtaalamu akaligeuzageuza akitafuta dalili. Hayo yote nilikuwa nimeyakariri. Lakini ini lenyewe nililijua likiwa tayari limekaangwa na vitunguu.

Kwa hivyo, nikiwa nyumbani Kambu, nilienda kichinjioni asubuhi moja na daftari. Mlangoni nilimkuta mzee mfanyabiashara wa mbuzi, Mwislamu aliyehamia kwetu kutoka kaskazini mashariki, akingoja mbuzi wake wachunwe. Nikamsalimu na kumwambia nimefuata maini.

"Unataka kununua?"

"Hapana, mzee. Nataka kuyaangalia tu."

Akanitazama kuanzia viatu hadi daftari. "Binti yangu, wanaoangalia ini bila kununua ni wawili tu, mkaguzi na mganga. Wewe ni yupi?"

Nikasema mimi ni mwanafunzi. Hilo halikumridhisha, ila alimwita mkaguzi wa nyama, bwana wa makamo mwenye gambuti nyeupe. Mkaguzi alifurahi kuliko nilivyotarajia. Nadhani miaka hiyo yote watu walikuwa wakimwuliza swali moja tu, kama amemaliza. Akachukua ini la kwanza, akalipapasa kwa kidole gumba, akalikata kidogo, akakamua mrija wa nyongo. Wakatoka minyoo bapa kama majani madogo.

"Hili linasema nini?" nikauliza, kalamu tayari.

"Linasema mbuzi huyu alilishwa kwenye kinamasi, na wewe usilile." Akalitupa kwenye ndoo. Mzee akaguna, lakini hakubisha.

Nilichora maini matano siku hiyo. Nilipokuwa kwenye la nne, jirani yetu wa kanisani alikuja kununua matumbo, akanikuta nimeinama juu ya ini la mbuzi, nikiandika. Hakunisalimu.

Saa kumi jioni akina mama watatu wa kikundi cha kanisa walikuwa sebuleni kwetu, jirani huyo akiwa mmoja wao. Mama aliwapa chai huku akikwepa macho yangu.

Mwenyekiti wao akaanza taratibu. "Mwanangu, ni kweli huko chuoni mnafundishwa uganga?"

Nikaeleza kuhusu Warumi, vita, miungu na maini. Nilipomaliza aliweka kikombe mezani.

"Hao Warumi ndio wale waliohubiriwa na mitume?"

"Hao hao, mama."

"Sasa naelewa kwa nini ilibidi wahubiriwe sana."

Waliniombea hata hivyo. Maombi yalikuwa marefu, chai ikapoa, na mama yangu akasema "Amina" kwa sauti kubwa kuliko wote. Walipokuwa wakiaga, jirani alinivuta kando.

"Lile ini lililotupwa," akanong'ona, "lilikuwa la mbuzi gani? Mimi nimeshapika yale matumbo."

Nikamhakikishia kwamba mkaguzi aliipiga muhuri nyama iliyobaki baada ya kuikagua yote. Akashusha pumzi, akanishika mkono, na tangu siku hiyo akawa ananisalimu vizuri kabisa.

Nilipomaliza kuandika, nilimpelekea mkaguzi nakala. Aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, akasoma kurasa zote kumi na mbili, midomo ikichezacheza. Mzee wa mbuzi alisimama nyuma yake akitazama michoro.

"Ni kazi nzuri," mkaguzi akasema mwishowe. "Lakini hujaandika hawa watu wako walinawa mikono wakati gani."

Nilirudi chuoni nikatafuta katika kila kitabu nilichoweza kupata maktabani. Sikuona neno. Nikaongeza sentensi moja ukurasa wa mwisho, kwamba kuhusu kunawa mikono baada ya kushika ini, vitabu nilivyosoma havisemi kitu. Mhadhiri aliweka alama ya vyema hapo, na pembeni akaandika kwa wino mwekundu: "Swali zuri. Umelipata wapi?"